Nyota Iliyopungua Bila Kubadilika

Ni siku nyingi sijaandika hapa, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha. Sijaacha, ni kazi tu imenibana. Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala simu. Nitaandika kuhusu kosa langu mwenyewe, na kosa hilo litatupeleka mbali kidogo, mpaka kwenye nyota.

Mwalimu mmoja rafiki yangu aliniomba nimtengenezee programu ndogo ya kuonyesha ukubwa wa nyota, kwa ajili ya wanafunzi wa klabu ya sayansi. Unabofya jina la nyota, nayo inachorwa kando ya jua letu. Kazi ya wikendi moja. Kwa nyota iitwayo VY Canis Majoris nilinakili namba kutoka mtandaoni, kwamba ni kubwa mara 2,100 kuliko jua, nikaiandika moja kwa moja ndani ya programu, nikaenda kulala.

Siku ya kuonyesha, msichana wa kidato cha pili akainua mkono. "Mwalimu, mimi nimesoma ni mara 1,420. Nyota imepungua?" Darasa zima likacheka. Kabla sijafungua kinywa akaongeza swali la pili: "Na ni nani alienda kupima?"

Nilimjibu kwa maneno mengi yasiyo na kitu ndani, yale majibu ambayo sisi watu wa tarakilishi huwapa wateja mfumo ukianguka. Nilirudi nyumbani na aibu. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, kila siku nawaambia wenzangu wasiamini data wasiyojua ilikotoka, na mimi nimefanya hivyo hivyo mbele ya watoto. Basi nikaanza kusoma. Makala hii ndiyo jibu ambalo ningempa siku ile.

Jibu fupi: hakuna aliyeenda kupima. Nyota yenyewe ilituma redio, na watu walichukua zaidi ya miaka arobaini kujifunza kuisikiliza.

MEIZA NI NINI?

Mnaijua leza. Kuna ndugu yake aliyezaliwa kabla yake, anayefanya kazi kwa mawimbi mafupi ya redio badala ya mwanga. Nitamwandika "meiza", ili usidhani naongelea meza ya kulia chakula. Wazo la msingi lilitoka kwa Einstein mwaka 1917: wimbi likipita karibu na molekuli iliyobeba nishati ya ziada, linaweza kuichokoza iachilie nishati hiyo, nayo itatoa wimbi jingine linalofanana kabisa na lile la kwanza. Mwaka 1954 Charles Townes, pamoja na James Gordon na Herbert Zeiger, walitangaza kifaa cha kwanza cha namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakitumia gesi ya amonia. Townes alishiriki tuzo ya Nobel ya mwaka 1964 na Warusi wawili, Nikolay Basov na Aleksandr Prokhorov, ambao nao walikuwa wamefika hapo kwa njia yao.

Fikiria harusi. Akina mama wamejipanga pande zote mbili za njia, furaha imewajaa, wanangoja tu. Mmoja anapiga kigelegele. Aliye karibu naye anadakia kwa sauti ile ile, wa tatu anadakia, na mpaka sauti ifike mwisho wa njia imekuwa kubwa mno. Lakini kuna sharti: lazima wawe tayari wamejawa na furaha. Wakiwa wamechoka na kukaa, kigelegele cha kwanza kitafia hapo hapo. Katika hali ya kawaida molekuli nyingi "zimekaa". Ili upate meiza lazima kitu fulani kizipandishe, ama joto la nyota au migongano ya gesi, hadi zilizosimama ziwe nyingi kuliko zilizokaa. Na lazima njia iwe ndefu, watu wengi kwenye mstari mmoja.

Hakuna aliyetegemea kwamba anga lenyewe lilikuwa linafanya hivi bila maabara yoyote.

BITI MOJA TU

Mwaka 1963 kijana mmoja wa MIT nchini Marekani, Sander Weinreb, alikuwa amemaliza kutengeneza kifaa kipya cha kuchambua mawimbi ya redio. Hapa wasomaji wangu wa programu shikeni vizuri, maana mimi niliposoma niliacha chai ikapoa. Kifaa kile kilikuwa cha dijitali, na kilihifadhi biti moja tu kwa kila sampuli. Wimbi likiwa juu ya sifuri andika 1, likiwa chini andika 0. Nguvu ya wimbi unaitupa kabisa.

Mtu akiniletea data ya namna hiyo leo ningemwambia arudi akachukue nyingine. Lakini hesabu inakubali. Unachukua mfululizo wa alama zako, unaulinganisha na nakala yake iliyocheleweshwa kidogo, na kila zinapofanana unaongeza moja kwenye kaunta. Huhitaji zaidi ya XNOR na kaunta. Unarudia kwa ucheleweshaji tofauti tofauti, kisha hesabu ya Fourier inakupa spektra, yaani nguvu ya kila masafa. Kwa kutupa karibu kila kitu unabaki bado na takriban asilimia 64 ya uwezo wa kunasa mawimbi dhaifu. Kilichopotea unakirudisha kwa kusikiliza muda mrefu zaidi.

Kwa kifaa hicho, Weinreb na wenzake Alan Barrett, Meeks na Henry walielekeza dishi la Millstone Hill, Massachusetts, kwenye mabaki ya nyota iliyolipuka, Cassiopeia A, na wakaona alama ya haidroksili, yaani OH, kwenye masafa ya 1665 na 1667 MHz. Ilikuwa molekuli ya kwanza kugunduliwa angani kwa redio. Iliyoonekana pale ilikuwa inameza mawimbi, si kuyatoa. Hakuna cha ajabu bado.

Maajabu yalikuja mwaka 1965. Harold Weaver na wenzake wa Berkeley, wakitumia dishi la Hat Creek huko California, walisikiliza wingu la Orion. OH ina mistari minne: 1612, 1665, 1667 na 1720 MHz. Nadharia ilisema nguvu zake ziwe kwa uwiano wa 1 kwa 5 kwa 9 kwa 1. Badala yake 1665 ulikuwa unapiga kelele, na ule wa 1667 uliopaswa kuwa mkubwa zaidi ulikuwa mdogo. Mistari ilikuwa myembamba kupita kiasi. Hawakutaka kuamini kuwa ni OH, wakaipa jina la mzaha: "mysterium", kama vile ni elementi mpya isiyojulikana.

Ilikuwa OH ile ile, ila ilikuwa inapiga vigelegele. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba mawimbi yale yanatoka kwenye madoa madogo mno, na ukikokotoa joto ambalo kitu kidogo hivyo kingehitaji ili kiwe na nguvu hiyo kwa njia ya kawaida, unapata zaidi ya digrii bilioni. Gesi ya namna hiyo hata molekuli isingebaki nzima. Ni meiza tu ingeweza kueleza.

MAJITU MEKUNDU YANAANZA KUONGEA

Wakati huo huo, watu wengine walikuwa wanatafuta nyota zisizoonekana vizuri kwa macho. Robert Leighton na Gerry Neugebauer wa Caltech walijenga darubini ya bei nafuu ya kunasa mwanga wa infraredi, yaani joto. Kioo chake cha inchi 62 kilifinyangwa kwa gundi ya epoksi iliyozungushwa mpaka ikaganda kwa umbo la bakuli. Waliiweka Mount Wilson, California. Mwaka 1965 wao na Martz walitangaza nyota mbili zenye infraredi kali sana, na herufi za majina yao matatu zikabaki kwenye majina ya nyota hizo. Moja ni NML Cygni.

NML Cygni ni jitu kuu jekundu. Nyota za aina hii zilizaliwa nzito kuliko jua mara nane au zaidi, na sasa ziko uzeeni. Zimevimba kupita kiasi, uso wake umepoa hadi digrii 3,500 hivi, na zinapuliza gesi na vumbi kwenda nje kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde. Nzito zaidi kati yake hupoteza hadi sehemu moja ya elfu kumi ya uzito wa jua letu kila mwaka, wakati mwingine zaidi. Fanya hesabu: ndani ya miaka elfu kumi, ambayo kwa nyota ni kufumba na kufumbua, jua zima limepeperushwa. Vumbi hilo ndilo linaloficha mwanga wake na kutoa infraredi badala yake.

Mwaka 1968 William Wilson na Alan Barrett (yule yule wa mwaka 1963) walielekeza dishi kwenye nyota za infraredi na wakasikia OH, safari hii kwa nguvu zaidi kwenye 1612 MHz. NML Cygni ilikuwa mojawapo. Yaani meiza hazikuwa za mawingu yanayozaa nyota peke yake. Nyota zinazokaribia kufa nazo zinazo.

Alama yao ilikuwa ya kipekee: vilele viwili kwenye spektra, katikati pakiwa bonde. Mnajua honi ya matatu inavyobadilika inapokujia na inapokupita. Ni jambo hilo hilo. Nyota imezungukwa na ganda la gesi linalotanuka pande zote. Gesi iliyo mbele inakuja kwetu, iliyo nyuma inakwenda mbali nasi. Na kwa sababu meiza inahitaji watu wengi kwenye mstari mmoja wenye mwendo mmoja, ni sehemu ya mbele na ya nyuma tu za ganda zinazosikika vizuri upande wetu. Nusu ya tofauti kati ya vilele viwili ndiyo kasi ya kutanuka, na katikati yake ndiyo kasi ya nyota yenyewe. Mchoro mmoja mdogo wa mistari miwili, na tayari umejua mengi kuhusu kitu ambacho hujawahi kukiona.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kundi la Townes, ambaye sasa alikuwa amehamia Berkeley na kuingia kwenye astronomia, lilitangaza mwaka 1969 meiza za mvuke wa maji kwenye masafa ya GHz 22.2. Mwaka huo huo maji yalisikika pia kwenye VY Canis Majoris, nyota ya msichana wetu. Mwaka 1974 Lewis Snyder na David Buhl walitangaza meiza za silikoni monoksidi kutoka Orion, na muda si muda zikasikika kwenye nyota nyekundu za uzeeni.

Molekuli tatu, nyota moja. Je, ziko mahali pamoja? Jibu zuri lilikuja mwaka 1986, pale Jessica Chapman na Jim Cohen walipochapisha uchunguzi wao wa jitu liitwalo VX Sagittarii. Walitumia MERLIN, mtandao wa madishi ya Uingereza yanayofanya kazi pamoja na Jodrell Bank. Picha iliyojitokeza ni kama kitunguu. Silikoni monoksidi iko karibu kabisa na uso wa nyota, kabla silikoni haijagandia kwenye punje za vumbi. Maji yanafuata, umbali wa mamia ya mara ya umbali wa dunia hadi jua, pale mwanga unaposukuma vumbi na vumbi kuburuta gesi, hivyo mwendo unaongezeka. OH ya 1612 iko nje kabisa, zaidi ya mara elfu moja ya umbali huo. Iko nje kwa sababu mwanga wa urujuanimno kutoka nyota nyingine huvunja molekuli za maji zinazofika ukingoni, na kipande kinachobaki ni OH.

NML Cygni ilitoa ushahidi mzuri wa hilo. Upande mmoja wake kuna kundi kubwa la nyota changa zenye joto kali, Cygnus OB2. Mwaka 1983 Mark Morris na Michael Jura walionyesha kwamba gesi ya NML Cygni imeliwa upande ule unaotazama kundi hilo. Jitu linapumua, na jirani analichoma pumzi yake.

KANDA ZA DAKIKA TATU

Sasa turudi kwenye swali la "nani alienda kupima". Ili kuona madoa haya unahitaji darubini kubwa kuliko nchi. Huwezi kuijenga, lakini unaweza kuidanganya: weka madishi mawili mbali sana, rekodi mawimbi yote mawili pamoja na saa sahihi kabisa, kisha linganisha rekodi baadaye. Kadiri madishi yanavyokuwa mbali, ndivyo unavyoona vitu vidogo zaidi. Mbinu hii inaitwa VLBI.

Mwaka 1967 kundi la MIT liliunganisha hivyo dishi la Haystack, Massachusetts, na lile la Green Bank, West Virginia, kilomita 845 baina yao, ili kupima meiza za OH. Mfumo wa kurekodi uliitwa Mark I. Ulitumia kanda za kawaida za tarakilishi, biti 720,000 kwa sekunde, na tena biti moja kwa sampuli kama alivyofundisha Weinreb. Kanda moja iliisha baada ya dakika tatu na kidogo. Kisha kanda zikapelekwa sehemu moja na kulinganishwa na programu kwenye tarakilishi ya kawaida ya wakati ule. Kwa maneno mengine, darubini yenyewe ilikuwa programu.

Baadaye data ilizidi uwezo wa programu na mashine maalumu zikajengwa kwa kazi hiyo. Lakini mwaka 2007 Adam Deller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Australia, walichapisha DiFX, programu inayofanya kazi ya mashine hizo kwenye tarakilishi za kawaida zilizounganishwa pamoja, na miaka michache baadaye hata mtandao mkubwa wa Marekani, VLBA, ukaihamia. Mduara ulikamilika baada ya miaka arobaini.

Na kuna mduara mwingine ninaoupenda. Saa za atomu zinazotumiwa kwenye vituo hivi ni meiza za haidrojeni. Ndiyo kusema, tunasikiliza meiza za angani kwa kutumia saa ambazo zenyewe ni meiza.

NAMBA MOJA INAYOBEBA NYINGINE ZOTE

Kila tunachojua kuhusu ukubwa wa nyota kinategemea umbali wake. Tunachokiona ni pembe tu. Ukubwa halisi ni pembe mara umbali. Mng'aro halisi ni mng'aro unaoonekana mara mraba wa umbali. Ukikosea umbali kwa robo, ukubwa unakosea kwa robo na mng'aro unakosea kwa karibu nusu. Umbali ni kigezo kimoja kinachoitwa na kila sehemu ya programu.

Kwa VY Canis Majoris kigezo hicho kiliwekwa mwaka 1978. Charles Lada na Mark Reid walichunguza wingu la gesi lililo karibu nayo na kundi la nyota liitwalo NGC 2362, wakaona kuna uhusiano, na kwa kuwa umbali wa kundi ulikadiriwa kuwa miaka ya mwanga 4,900 hivi, nyota nayo ikapewa umbali huo. Ilikuwa kazi nzuri na ya uangalifu kwa zana zilizokuwepo. Kwa miaka thelathini karibu kila mtu aliitumia.

Kwa umbali huo nyota iling'aa kama jua 500,000, na makadirio ya ukubwa yalifika mara 1,800 hadi 2,100 ya jua. Hapo ndipo namba yangu ilipotoka. Tatizo ni kwamba nadharia haikujua nyota kama hiyo inawezaje kuwepo. Mwaka 2006 Philip Massey na wenzake walipendekeza mara 600 tu, wengine wakapinga. Kati ya 600 na 2,100 kuna pengo ambalo kama lingekuwa kwenye leja ya duka, mtu angefukuzwa kazi.

Kwa nini wasipime tu kwa paralaksi? Hii ndiyo njia safi kuliko zote. Nyoosha kidole, kitazame kwa jicho moja kisha jingine, kinahama. Dunia ikizunguka jua, nyota ya karibu nayo inaonekana kuhama kidogo mbele ya zile za mbali. Lakini VY Canis Majoris imejifunika blanketi la vumbi linalotawanya mwanga, na madoa ya mwanga huo yanabadilika. Setilaiti ya Hipparcos ilitoa kipimo ambacho kosa lake linaloweza kuwepo lilikuwa karibu mara mbili ya kipimo chenyewe. Hata setilaiti ya Gaia, ambayo ilipima zaidi ya nyota bilioni moja kabla ya kuzimwa mwaka 2025, kwenye orodha yake ya mwaka 2018 iliipa nyota hii paralaksi yenye alama ya kutoa. Yaani umbali chini ya sifuri. Nilipoona hivyo nilicheka peke yangu ofisini. Hata huko kuna data inayohitaji kukaguliwa kabla ya kuingizwa.

Redio hupita kwenye vumbi kama vile halipo. Na meiza ni madoa madogo, makali, yenye masafa yanayojulikana. Kwa kupima, ni bora kuliko nyota yenyewe.

Wajapani walijenga mtandao kwa kazi hii hasa. VERA ni madishi manne ya mita 20 yaliyosambaa Mizusawa, Iriki, Ogasawara na Ishigaki, mbali zaidi yakiachana kwa kilomita 2,270 hivi. Adui mkubwa ni hewa yetu wenyewe, kwani unyevu huchelewesha mawimbi na kuyumbisha picha. Kwa hiyo kila dishi la VERA lina vipokezi viwili vinavyotazama vitu viwili kwa mara moja: meiza, na kando yake kwasari, kitu cha mbali mno kisichohama. Hewa inayumbisha vyote viwili karibu sawasawa. Toa kimoja kwa kingine, hewa inaondoka.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja walifuatilia meiza za VY Canis Majoris zikihama na kurudi. Mwaka 2008 Choi na wenzake walitangaza paralaksi ya milisekunde 0.88 ya tao. Kuelewa udogo huo: ni kama kuitazama sarafu ya shilingi moja iliyoko Roma ukiwa umesimama Nairobi. Umbali ukatoka 4,900 ukawa miaka ya mwanga 3,700 hivi. Mng'aro ukashuka kutoka jua 500,000 hadi 300,000. Na kwa ghafla nyota iliyokuwa haielezeki ikatua kwenye njia ambayo nadharia inasema nyota iliyozaliwa na uzito wa jua 25 hupitia.

Mwaka 2012 kundi jingine lilirudia kwa madishi kumi ya VLBA, mtandao tofauti kabisa, na likapata miaka ya mwanga 3,900 hivi. Ukizingatia makosa ya vipimo, hizo mbili zinakubaliana. Mwaka huo huo NML Cygni nayo ilipimwa, ikawa 5,250 hivi. Na Wittkowski na wenzake, wakitumia darubini za Ulaya zilizoko Chile, walipima pembe ya VY Canis Majoris, wakaizidisha kwa umbali mpya, wakapata mara 1,420 ya jua, ongeza au punguza 120. Hiyo ndiyo namba ya msichana. Ingekuwa mahali pa jua letu, ile ya 2,100 ingemeza hata njia ya Zohali. Hii ya 1,420 inapita Mshtarii lakini haifiki Zohali. Kwa umbali wa zamani, pembe ile ile ingetoa karibu 1,800. Nyota haikubadilika hata kidogo. Sisi ndio tulisahihisha kigezo kimoja.

Lakini kilichonigusa zaidi ni orodha ya waandishi wa makala ile ya VLBA ya mwaka 2012. Jina la pili ni Mark Reid. Ndiyo, yule yule aliyeandika umbali wa mwaka 1978. Miaka 34 baadaye alishiriki kuipima upya namba yake mwenyewe kwa zana bora, na kuweka nyingine mahali pake.

NA SISI?

Kazi hii haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Dishi la mita 26 la Hartebeesthoek, Afrika Kusini, lililojengwa na NASA mwaka 1961 kwa ajili ya kuwasiliana na vyombo vya angani, limefuatilia meiza kwa miaka mingi. Ghana ilichukua dishi lake la mawasiliano la mita 32 huko Kuntunse ikaligeuza kuwa darubini ya redio, iliyozinduliwa mwaka 2017, na miongoni mwa vitu vya kwanza ilivyosikia ni meiza za methanoli. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA, na dishi la Longonot, ambalo wengi tunalipita tukielekea Naivasha bila kulitazama, limetajwa kwenye mipango ya mtandao wa VLBI wa Afrika. Madishi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, kama mlivyoona, ni programu. Hapo mimi na wewe tuna la kufanya.

Nilirudi shuleni wiki iliyofuata. Programu sasa inaonyesha 1,420, na ukibofya namba inakuambia ilitoka wapi, ilipimwa mwaka gani, na inaweza kukosea kwa kiasi gani. Umbali nimeuweka kwenye faili ya pembeni, si ndani ya programu, ili siku ukibadilika tena mtu aubadilishe mahali pamoja. Msichana aliisoma, akauliza, "Kwa hivyo hii nayo inaweza kubadilika?" Nikamwambia ndiyo. Safari hii darasa halikucheka.

Haya, kazi inaniita. Ukiona kosa kwenye makala hii niambie, nitasahihisha na kuandika kwamba nilikosea.